Jinsi ya kukimbia nje msimu wa theluji, kwa sisi tuliozaliwa kwenye jua

Kwetu Moshi theluji tunaiona toka tunajifunza kutembea, mawingu yakifunguka alfajiri iko pale juu Kibo inang'aa, ila kuigusa ni habari nyingine, labda uwe mgumu unabebea wageni mizigo. Mimi nimeikanyaga mara ya kwanza hapa Minneapolis, Minnesota, Marekani, nikiwa mtu mzima kabisa, na huu ni msimu wangu wa saba nakimbia nje mwaka mzima. Naandika kwa sababu kila mwaka naona yaleyale: mtu anafika kutoka nyumbani mwezi wa sita, kila jioni yuko ziwani anakimbia, mwezi wa kumi na moja ukiingia anajifungia ndani mpaka wa nne, na Januari anampigia mama ake simu analia wala hajui analia nini. Desemba jua la huku linachomoza saa mbili kasoro robo asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, unaenda kazini giza, unatoka kazini giza, mwili hauelewi. Kutoka nje ukakimbia hata nusu saa kunasaidia sana, mimi kumenitoa mbali, kwaiyo tafadhali soma mpaka mwisho.

Na usiniambie mwili wa Mwafrika hauwezi. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 Kenya, theluji aliiona mara ya kwanza Finland mwaka 1996 na miaka miwili baadae yuko Olimpiki ya Nagano anashindana kilomita 10 za skii. Mbio za nyika za dunia Machi 2013 zilifanyika Bydgoszcz, Poland, njia ina theluji, na walioshinda mbio za wakubwa ni Japhet Korir na Emily Chebet, wote Wakenya. Inawezekana, ila ina utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe mkubwa ni mmoja tu, mengine yote yanatoka humo: kaa mkavu. Ukiwa mkavu utavumilia baridi ambayo sa hivi huwezi hata kuifikiria, ukilowa, hata digrii nne juu ya sifuri zinakuangusha. Angalia Boston Marathon ya Aprili 2018. Ilikuwa kama digrii 4 hivi, kwa watu wa Minnesota hiyo ni hali ya kaptula, lakini mvua ilipiga toka mwanzo na upepo unakuja usoni, mabingwa wakaanza kujitoa, Galen Rupp akiwemo, na Geoffrey Kirui wa Kenya aliekuwa bingwa mtetezi na anaongoza, akaishiwa nguvu karibu na mwisho kabisa akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi. Sasa huyo Kawauchi, Januari 1 mwaka huohuo alikuwa amekimbia marathoni ya Marshfield, Massachusetts, kwenye kama -17, akamaliza kwa saa 2:18:59. Kwenye -17 hakuna mvua, maji hayabaki maji. Mimi kati ya hizo hali mbili nachagua -17 bila kufikiria.

Hatua ya 1: soma hali ya hewa, na usome zaidi ya namba moja

Kwanza simu za Marekani zinasoma Farenhaiti. Ukiona 20 asubuhi usidhani ni Moshi ya mwezi wa saba, hiyo ni -7 yetu. 32 ya kwao ndio sifuri yetu, sifuri ya kwao ni -18, na wote tunakutana kwenye -40. Badilisha simu isome selisiasi mpaka uzoee, usione aibu.

Pili angalia upepo, spidi yake na unatoka wapi. Hewa ya -15 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama -26. Apu zote za hali ya hewa zinaonesha hiyo namba ya "inahisiwa kama", na hiyo ndio ya kuamulia. Mimi sheria yangu iko hivi: mpaka -20 ya kuhisi nakimbia kawaida, kuanzia -20 mpaka -27 nazunguka mitaa ya karibu na nyumbani tu, nusu saa imetosha, ikifika -28 sitoki, kwa sababu kuanzia hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30 na ikizidi kushuka muda unapungua haraka. Januari 30, 2019 hapa ilifika -33 kwenye kipimo kabla hata ya kuhesabu upepo, siku kama hiyo hata watu waliozaliwa hapa wanakaa ndani. Wewe mgeni msimu wa kwanza weka mpaka wako kwenye -15, utaushusha mwakani.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza vibaya: anza kwa kupambana na upepo, rudi umeupa mgongo. Msimu wangu wa kwanza nilitoka na sweta la pamba lenye kofia, upepo uko nyuma unanisukuma, nikasema kumbe baridi yenyewe hii, nikaenda kilomita tano nimefungua zipu na mgongo umelowa kabisa. Nikageuka. Yaani ule upepo ulioingia kwenye lile sweta lililolowa siwezi kuusahau, ndani ya dakika kumi kifua kimekuwa kigumu, mikono haikunji, mbele ya sweta pamekuwa pagumu kama kadibodi, nafika mlangoni nashindwa kuzungusha ufunguo, jirani ndio alinifungulia. Ningekuwa nimeanza na upepo usoni nikiwa mkavu, ningerudi na jasho langu upepo ukiwa mgongoni unanipeleka nyumbani, umbali uleule, nguo zilezile, na isingekuwa habari.

Hatua ya 2: nguo

Vaa kama vile nje kuna joto zaidi kwa digrii kumi hivi. Ni -8, vaa kama unaenda kusimama kwenye nyuzi 2. Dakika kumi za kwanza lazima usikie baridi, ukitoka mlangoni unajisikia vizuri umeshavaa kupita kiasi na utatoa jasho, na jasho ndio maji yenyewe tuliyosema. Watu wetu wote wanakosea hapa, tunaogopa baridi tunavaa makoti matatu.

Pamba iache nyumbani. Yote. Fulana ya pamba, soksi za pamba, chupi ya pamba. Pamba inakunywa jasho inakaa nalo. Ya kugusa mwili iwe poliesta au sufu ya merino, na ibane kidogo ili ilivute jasho itoe nje.

Mimi navaa hivi. Sifuri mpaka -7: fulana ndefu ya poliesta ya kubana, taiti ya kawaida, jaketi jepesi la upepo, glavu nyembamba, na kitambaa kipana cha kufunika masikio. Kuanzia -7 mpaka -15 naongeza fulana ya pili katikati yenye manyoya laini kwa ndani, taiti nene, na mzula badala ya kitambaa. Chini ya hapo taiti mbili au taiti na suruali ya upepo juu yake, kile kitambaa cha mviringo cha shingoni nakipandisha mpaka puani, na glavu navaa zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke ake, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana joto, vikitenganishwa kila kimoja kinapigana vita yake. Jaketi liwe na zipu mpaka kidevuni, hiyo zipu ndio bomba lako la kupunguza na kuongeza joto, ukisikia mgongo unaanza unyevu ishushe kidogo, ukikata kona ukakutana na upepo ipandishe. Usisubiri ulowe.

Wakaka, mnielewe bila kuzunguka: vaeni boksa ya michezo yenye kizuizi cha upepo kwa mbele, sehemu hiyo nayo inaganda na maumivu yake wakati wa kupata moto nimeambiwa hayasimuliki. Wadada, sidiria ya michezo ndio nguo inayolowa kwanza na kukauka mwisho, chukua ya poliesta, na ukifika ndani ndio iwe ya kwanza kutoka. Kama umesuka rasta, mzula wa kawaida hauingii vizuri unaacha masikio wazi, tumia kitambaa kipana cha masikio halafu juu mzula mkubwa uliolegea. Kuna dada wa Zanzibar nakimbia nae Jumamosi, anavaa hijabu ya michezo ya kubana chini ya mzula, masikio, shingo na kidevu vimefunikwa kwa mpigo mmoja na huwa hajawahi kulalamika upepo, mimi ndio nahangaika na kile kitambaa kinashuka kila mara.

Bei isikutishe. Mitumba ipo hata huku, maduka ya nguo zilizotumika yamejaa taiti na majaketi ya mbio kwa dola chache, ni mzigo uleule ambao mwingine unaishia pale Memorial, soko la mitumba la Moshi. Pesa yako mpya weka kwenye soksi za sufu, glavu na vya kuvalisha viatu nitakavyovisema hapo chini.

Hatua ya 3: ngozi

Mafuta ya mgando mashavuni, puani na midomoni dakika tano kabla ya kutoka. Yanazuia ngozi kukauka na kupasuka kwa upepo. Lakini hayazuii kuganda, hili nalirudia kwa sababu watu wengi wanapaka mafuta wanadhani wamevaa nguo. Kinachozuia kuganda ni kitambaa na kurudi mapema.

Na kuna jambo letu sisi weusi ambalo maelekezo mengi hayasemi. Wanaandika "angalia ngozi ikiwa nyekundu kisha nyeupe", sasa kwenye ngozi yetu hutauona huo wekundu. Kwetu inaanza kuwa kama kijivu, kama majivu, au njano iliyofifia na inang'aa kama nta, na ukigusa huhisi. Alama kubwa ni hiyo ganzi: kidole au sikio lilikuwa linauma sana halafu ghafla limenyamaza, hujapona, hapo ndio hatari imeanza. Tafiti za jeshi la Uingereza na la Marekani zimeonesha askari weusi wanapata majeraha ya baridi mara nyingi kuliko wenzao weupe waliokuwa kwenye hali ileile. Kwaiyo mzungu mwenzako akikimbia bila glavu mwache, usimwige, wewe vaa.

Hatua ya 4: viatu

Raba zako za kawaida zinafaa siku nyingi, ila chagua zenye kitambaa kizito kidogo juu, zile zenye matundu mengi theluji inaingia inayeyuka mguu unalowa. Soksi pea moja ya sufu, ndefu ipande juu ya kifundo ikutane na taiti pasibaki ngozi wazi. Usivae soksi mbili ndani ya kiatu kilekile, kikibana damu haipiti na mguu unakuwa wa baridi zaidi kuliko ungevaa moja. Utaona pia kiatu kimekuwa kigumu, ile spongi ya soli inakakamaa kwenye baridi na mpira wake unapunguza kushika, ni kawaida sio kwamba kimeharibika.

Siku za barafu ndio unavalisha ule mpira wenye meno ya chuma au misumari midogo, unauvuta juu ya raba kama kifuniko na ukimaliza unauvua. Usiuvae kwenye lami tupu kwa muda mrefu, unaisha na unakuumiza magoti. Mimi nauning'iniza kwenye kitasa cha mlango, kabla sijatoka nakanyaga ngazi ya nje na kisigino, kikiteleza nauvaa, kisipoteleza nauacha.

Hatua ya 5: muda na njia

Kama ratiba inakuruhusu kimbia mchana, saa sita mpaka saa tisa, ndio joto kidogo na ndio mwanga. Mwanga wenyewe ni dawa ya ile huzuni niliyoanza nayo. Halafu tukiwa hapohapo, mwambie daktari akupime vitamini D, maana Minneapolis iko latitudo 45 na msimu wa baridi jua lake liko chini sana, ngozi nyeusi haipati kitu hata ukikaa nje siku nzima.

Ukilazimika giza, taa ya kichwani na kizibao cha reflekta kama cha bodaboda. Kingo za theluji zilizosukumwa pembeni ya barabara zinafika kiunoni, dereva hakuoni mpaka umeshatokea, na breki kwenye barafu hazishiki. Kwenye njia panda simama, hata kama taa ni yako, subiri gari lisimame kweli ndio upite.

Njia sasa. Hapa mji una maziwa na bodi ya mbuga inasafisha theluji kwenye njia zake, kuzunguka Lake Harriet na Bde Maka Ska, moja karibu kilomita nne na nusu nyingine kama tano. Zuri lake ni kwamba popote ulipo hauko mbali na ulipoanzia, ila upepo juu ya ziwa lililoganda hauna cha kuuzuia. Upepo ukiwa mkali mimi naenda Midtown Greenway, ni reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, karibu kilomita 9, na sehemu kubwa imezama chini ya usawa wa barabara kama mfereji, kwaiyo upepo unapita juu ya kichwa. Vijia vya mitaani usiviamini siku ya kwanza baada ya theluji, sheria ya mji inampa mwenye nyumba saa 24 kusafisha mbele ya nyumba yake, kwaiyo unakuta mmoja kasafisha, jirani yake bado, unaruka ruka tu.

Juu ya ziwa lenyewe usikimbie. Utaona watu wameegesha mpaka magari wanavua samaki, waache, wale wanatoboa na kupima. Serikali ya jimbo inasema barafu mpya safi iwe na unene wa sentimita 10 angalau ndio mtu atembee, wewe huna cha kupimia, na unene haulingani sehemu zote.

Na kila ukitoka mwambie mtu: natoka saa fulani, napita huku, narudi saa fulani. Simu ikae ndani karibu na mwili, ukiiweka mfuko wa nje betri inazima kwenye asilimia 40 bila kuaga.

Hatua ya 6: kukimbia kwenyewe

Pasha mwili ndani kabla ya kutoka, panda shuka ngazi, chuchumaa inuka, dakika tano mpaka saba, upate moto lakini usitoe jasho. Ukishatoka anza polepole. Hewa itakuchoma kifuani mwanzoni, watu wanaogopa wanadhani mapafu yataganda, hayagandi, hewa inapashwa njiani kabla haijafika huko. Kinachochoma ni ukavu. Vuta pumzi kupitia kitambaa cha shingoni. Mwenye pumu aongee na daktari wake kwanza na atembee na dawa yake ya kuvuta mfukoni kwa ndani, hewa baridi kavu inaamsha pumu kweli.

Sahau spidi ya kiangazi. Saa yako itasoma polepole na ni sawa, pima kwa juhudi. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili wako na sio mbele, maana ukitanguliza kisigino mbele kwenye barafu umeshaanguka. Mikono itoke kidogo pembeni, magoti yalegee. Kona usikate kwa kulala upande, punguza, zunguka kama unabeba ndoo ya maji. Mteremko ndio mbaya kuliko mlima, tembea ikibidi, hakuna anaekudai.

Jifunze kusoma chini, huku ndiko utakapotumia akili zaidi. Theluji mpya iliyoanguka usiku, kavu, ambayo ukikanyaga inalia kwichi kwichi, hiyo inashika vizuri na ni raha tupu, ni kama mchanga mlaini, tatizo lake ni kwamba inaweza kuwa imefunika barafu ya jana. Iliyokanyagwa na watu wengi imekuwa ngumu na ina mng'ao, hiyo inateleza, kaa pembeni ambako haijakanyagwa. Ile rojorojo ya kijivu yenye chumvi inalowesha miguu, ruka. Sasa mbaya kuliko zote ni barafu ya kioo, ni nyembamba na haina rangi, unaona lami tu. Mimi naitambua hivi: lami ikionekana imelowa na digrii ziko chini ya sifuri, hayo sio maji. Au angalia gari likipita, matairi yakirusha maji ni maji, barabara inang'aa na matairi hayarushi kitu ni barafu. Ipo sana chini ya mabomba ya mapaa, kwenye madaraja, na mwezi wa tatu ambapo mchana inayeyuka na usiku inaganda upya, kwaiyo Machi asubuhi ni hatari kuliko Januari ingawa joto limepanda. Ukiona wamemwaga chumvi usijiamini sana, ile chumvi ya kawaida ikishuka chini ya -9 hivi inakuwa haifanyi kazi vizuri.

Ukiteleza, usitangulize kiganja. Najua mwili unataka, lakini ndio mikono inavyovunjika. Kunja, angukia paja au bega.

Na kunywa maji. Hutasikia kiu kama kwenye joto lakini unapoteza maji kwa jasho na kwa ile mvuke unayoiona mdomoni. Mbio ya saa moja kunywa kabla na baada inatosha, zaidi ya hapo beba chupa ndani ya jaketi, ukiishika nje itaganda kuanzia kwenye mfuniko.

Hatua ya 7: ukifika nyumbani

Usisimame nje kunyoosha viungo wala kuongea na simu. Ingia, vua vyote vilivyolowa ndani ya dakika tano, kausha mwili, vaa vikavu mpaka soksi na mzula, halafu ndio chai ya tangawizi au uji wa moto. Mwili unaendelea kushuka joto hata baada ya kuacha kukimbia, ndio maana mtu anafika mzima halafu anaanza kutetemeka jikoni. Rasta zikilowa jasho zifute na taulo uzipulize na draya kabla ya kutoka tena, kichwa kibichi kwenye -10 hapana. Raba toa soli ya ndani, jaza magazeti yaliyokunjwa, badilisha baada ya saa moja, kesho asubuhi kavu. Usiziweke juu ya hita, gundi inaachia.

Dalili za kuacha kila kitu

Sikio, pua au kidole kimekufa ganzi na kimebadilika rangi: ingia ndani popote, duka, kituo cha basi chenye hita, gonga mlango. Usisugue, na usisugue na theluji hata kama mtu mzima gani amekwambia, unapasua nyama iliyoganda. Weka vidole kwapani, au maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko cha mtu mwingine kinayaona ya kawaida, sio ya moto, kwa sababu wewe huhisi na utajichoma. Kama bado una safari ya nje mbele usikiyeyushe kabisa, kikiganda mara ya pili madhara ni makubwa zaidi. Yakitokea malengelenge au ganzi haiondoki, hospitali.

Nyingine ni joto la mwili mzima kushuka. Mwenzako anatetemeka bila kuacha, anaanza kuongea kama mlevi, anajikwaa, anashindwa kufunga zipu. Ukiona hivyo usimwache peke ake hata dakika moja. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mfunike, mpe kitu cha moto kitamu kama anaweza kumeza, na piga 911, namba ya dharura ya huku. Akiacha kutetemeka lakini bado hajielewi hapo amezidiwa, hajapona.

Kwa wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon

Najua wengi mnaokimbia majira haya mna ndoto ya kwenda nyumbani kukimbia mwisho wa Februari, na mimi nimefanya hivyo. Mazoezi ya theluji yanakupa miguu yenye nguvu lakini hayakupi joto, utatoka -15 unaingia Moshi ya zaidi ya nyuzi 30 mchana, mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea kutoa jasho vizuri na kubeba hilo joto. Kama likizo inaruhusu fika siku kumi kabla. Kama hairuhusu, wiki mbili za mwisho huku maliza mbio kisha kaa kwenye maji ya moto ya bafu au sauna dakika 20 hivi, mara nne kwa wiki, ukiwa umekunywa maji ya kutosha, ukihisi kizunguzungu toka. Ukifika, siku mbili za kwanza tembea tu, ya tatu toka saa kumi na mbili asubuhi kilomita tano za taratibu, na siku ya mbio anza polepole kuliko unavyotaka, maana ile barabara ya Mweka inapanda muda mrefu na jua linakuja nyuma yako.